Mwongozo kwa Skauti Mgeni wa Nyanda za Juu

Klabu imekutuma. Dirisha la usajili linakaribia, kocha mpya anataka winga mwenye mbio na beki wa kati mrefu, mweka hazina anataka wote wawili wapatikane kwa bei ya mmoja, na mwenyekiti kasikia mahali kwamba Mbeya na Iringa kuna vijana. Umepewa nauli ya basi, posho ya siku chache na daftari. Hongera. Kuanzia sasa wewe ni skauti, na kila atakayekuona na daftari hilo pembeni mwa uwanja ana mpwa anayecheza mpira.

Wenzetu Marekani, kwenye besiboli, wamelipanga jambo hili kwa heshima zake zote. Kila Julai klabu huchagua kwa zamu vijana waliotoka shule na vyuo, zile dhaifu zikipewa nafasi za mbele, na tangu 2021 mizunguko ni 20. Skauti wao anakaa nyuma ya wavu na mashine ya kupima kasi ya mpira, video na takwimu za kijana tangu akiwa mtoto. Na bado. Mwaka 1991 New York Yankees walimchagua wa kwanza kabisa mrushaji aitwaye Brien Taylor, wakamlipa zaidi ya dola milioni 1.5. Akaumia bega kwenye ugomvi, na hakucheza hata mechi moja ya ligi kuu. Miaka mitatu kabla yake, Los Angeles Dodgers walimchukua Mike Piazza katika mzunguko wa 62, akiwa wa 1,390 kwenye orodha, kwa kuwa baba yake alikuwa rafiki wa kocha wao, Tommy Lasorda. Mwaka 2016 Piazza aliingizwa kwenye jumba la magwiji wa mchezo huo. Kwa hiyo ukiwa Mwanjelwa, Mbeya, na mtu akakuambia mpwa wake ni hatari, usimcheke haraka. Muulize kwanza kama ana urafiki na kocha wako.

Kwetu hakuna zamu. Kuna kuwahi, kuna simu, na kuna bahati ya nani alikuwa uwanjani siku gani. Ndiyo maana umeletewa mwongozo huu.

Usijitambulishe kama mvumbuzi

Hili kosa hufanywa na wageni wengi, na wenyeji kwa adabu zao huwaacha wamalize. Mzee yeyote wa kijiweni mjini Mbeya ana miaka yake mfukoni. 1986, Tukuyu Stars, Banyambala, wanatoka kwenye mvua za Rungwe na kubeba ubingwa wa Tanzania. 1999, Prisons. Msimu wa 2013/14, Mbeya City, timu ya halmashauri iliyoanzishwa 2011, inaingia Ligi Kuu kwa mara ya kwanza na jezi zake za zambarau na kumaliza ya tatu chini ya Juma Mwambusi, nyuma ya Azam na Yanga, mbele ya Simba. Ukishuka Iringa watakusimulia Lipuli, Wanapaluhengo, walivyowatoa Yanga nusu fainali ya Kombe la Shirikisho 2019 pale Samora, wakaenda Lindi kufungwa na Azam bao moja kwenye fainali, kisha msimu uliofuata wakashuka daraja. Na mtu wa Mbarali, akiwa na nafasi, atakuhesabia mechi 49 za ligi ambazo Yanga walicheza bila kupoteza kabla hawajafika kwa Ihefu Novemba 2022. Wewe tu usimalizie hadithi hiyo kwa kuuliza Ihefu iko wapi sasa. Ilihamia Singida na kubadili jina, na watu hawajamaliza kununa.

Wale vijana wa Mbeya City walikuwapo miaka yote, kwenye viwanja vile vile vya vumbi. Maskauti wa Dar es Salaam walianza kuwaona pale msimamo wa ligi ulipowaonyesha kwa kidole. Deus Kaseke akaenda Yanga 2015. Mwaka huohuo Yanga wakamchukua Geofrey Mwashiuya kutoka Kimondo ya Mbozi, na Mwambusi mwenyewe akafuata kwenye benchi lao la Jangwani. Adam Salamba akatoka Lipuli kwenda Simba 2018. Msimamo wa ligi ni skauti hodari sana, ila una tabia ya kupandisha bei.

Hali ya hewa ni mchezaji wa kumi na mbili, na hasajiliki

Mbeya mjini iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa imepita 1,500. Ukipanda ngazi za gesti ukajikuta umesimama katikati kuhema, usiogope wala usiite daktari, ni hewa tu. Sasa mfikirie mtoto aliyezaliwa Uyole. Dakika ya 80 anakimbia vile vile alivyoanza, na wewe unaandika kwa herufi kubwa: MAPAFU YA CHUMA. Mpeleke Dar es Salaam mwezi Machi, saa kumi jioni, joto na unyevunyevu vimeshikana, dakika ya 30 kashika magoti. Hakumdanganya mtu. Wewe uliusajili mwinuko.

Kinyume chake ni kijana wa Kyela. Kule kando ya Ziwa Nyasa ardhi imeshuka hadi kwenye mita 500 hivi, jua la mpunga na kokoa linawaka barabara. Akiletwa Mbeya kwa mashindano ya mkoa, na amefika asubuhi ileile na fulana tu, anaonekana mvivu. Skauti aliyejikunyata jukwaani na koti lake anaandika "hana pumzi". Huyo ndiye ambaye angecheza Chamazi, Dar es Salaam, jioni ya Februari bila kuomba maji.

Hata mpira wenyewe una ushahidi wa uongo. Hewa ikiwa nyepesi, unakwenda mbali zaidi. Shuti la mita 30 linalotikisa nyavu za Uwanja wa Sokoine, Mbeya, linaweza, pwani, kuishia mikononi mwa kipa aliyekwisha kuanza kupiga miayo. Usimtukuze mpigaji, na kipa wa Mbeya aliyefungwa goli lile mpe nafasi ya pili.

Kuhusu majira, wageni wengi huja Juni, wakati wa michezo ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, kwa sababu watoto wote wamekusanywa na mtu mwingine kalipa nauli. Ni wazo zuri, lakini Juni na Julai ndiyo baridi yenyewe. Mafinga asubuhi, nyasi nyeupe kwa umande, skauti hutafuta sehemu moja tu, ile yenye jua karibu na chai. Akishaketi hapo hahami. Matokeo yake anamwona winga wa upande ule kipindi cha kwanza na winga wa timu nyingine kipindi cha pili, na beki wa kati anamwona kwa mbali sana, pale anapokosea. Kama umewahi kujiuliza kwa nini klabu zetu hufurika mawinga na kulia kila mwaka kuhusu mabeki wa kati, fuatilia birika la chai liliwekwa wapi.

Uwanja una upande

Toka kwenye viwanja vyenye jukwaa. Nenda jioni kwenye kiwanja chochote cha shule ya msingi nje kidogo ya mji. Kimelala kwenye mteremko, goli moja liko juu ya jingine karibu kimo cha mtu. Kona ya kusini hakuna, kuna shimo ambalo mwalimu wa zamu huahidi kulifukia kila muhula. Katikati kwenye duara pamechimbika njia ya miguu ya watu waendao gulioni, na hakuna refa anayeifunga. Mama anaingia na ndoo ya maji kichwani, hatazami kulia wala kushoto. Wachezaji kumi na tisa wanasimama kwa adabu. Wa ishirini, winga mdogo mwenye soksi za rangi mbili, anapitisha mpira upande mmoja wa mama, yeye mwenyewe anapita upande wa pili, beki anabaki nyuma ya ndoo akiomba radhi. Mama hajamwaga hata tone. Andika jina la mtoto huyo kabla hujaulizia umri.

Timu inayoshambulia kuteremka daima ina mafowadi hatari. Baada ya mapumziko timu zinabadilishana magoli, na mafowadi hatari sasa wako upande wa pili. Ukiondoka kipindi cha kwanza ili uwahi bajaji, umesajili mteremko.

Kijana wa nyumbani naye anajua kila kisiki. Anautuliza mpira unaodunda ovyo kwa unyayo, kama umefungwa kamba, na wewe unashangilia mguso wake wa kwanza. Amecheza hapo tangu chandimu. Anajua ukigonga pale karibu na mwembe utaruka kulia. Dawa yake ni rahisi na haina gharama kubwa: mwone ugenini, kwenye kiwanja asichokijua, ikiwezekana kipindi cha matope kati ya Januari na Aprili, wakati mpira unagoma kutembea na kila mwenye misuli anaonekana mfalme. Mtoto anayeendelea kupiga pasi ya maana kwenye tope la Tukuyu, huyo ana kitu kichwani.

Halafu kuna Kombe la Diwani na ndugu zake wote, Kombe la Mbunge, bonanza la chama, ndondo ya msimu wa mavuno. Tazama zawadi kwanza, kisha ndiyo utazame mpira. Zawadi ikiwa mpira na jezi, wanacheza watoto wa kata. Ikiwa mbuzi, wanaongezeka wajomba wawili wa Vwawa. Ikiwa ng'ombe, mamluki wanateremka kutoka Tunduma na viatu vyao kwenye mfuko wa sandarusi. Ikiwa ni pikipiki, utamwona kijana anayeitwa Juma Jumamosi kule Igurusi, na Jumapili yuko Ilula anaitwa Festo, kafunga kote kuwili. Huyo ni mchezaji mzuri, sipingi. Tatizo ni kwamba utakapopeleka barua ya kumwita kwenye majaribio, hutajua uandike jina lipi.

Umri

Hapa ndipo skauti wengi huacha heshima zao. Utamuuliza kijana ana miaka mingapi, naye kabla hajajibu atamtazama mwalimu.

Taifa hili umri umelitesa na kulineemesha kwa zamu. Mwaka 2005 Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kule Gambia, wakaondolewa kwa kosa la kumtumia mchezaji aliyezidi umri. Mwaka 2017 mambo yakageuka. Congo Brazzaville waliondolewa kwa kushindwa kumpeleka mchezaji wao kupimwa, Tanzania ikapewa nafasi ile, ikaenda Gabon, ikatoka suluhu na Mali, ikaifunga Angola, ikafungwa na Niger na kurudi nyumbani. Kipimo chenyewe ni picha ya kifundo cha mkono, pale unapovaa saa, inayoonyesha kama mfupa umekwisha kukomaa. FIFA walianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana hao mwaka 2009. Wewe huna mashine hiyo. Una macho, na macho yana kawaida ya kutazama ndevu.

Achana na ndevu. Wapo watoto wa miaka 15 Nyanda za Juu wenye mabega mapana kwa kubeba magunia ya viazi tangu darasa la nne, na wapo vijeba wenye nyuso laini wanaonyoa mara mbili kwa siku wakati wa mashindano. Tazama karatasi, lakini itazame vizuri. Mkoa wa Mbeya ndiko RITA, wakala wa usajili wa vizazi, walikoanzia, mwaka 2013, mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata, cheti kikiandikwa kwa mkono na kutolewa bure. Iringa ilifuata baadaye. Maana yake kwako ni hii: kijana aliyezaliwa mwishoni mwa 2008 au baada ya hapo anaweza kuwa na cheti kilichoandikwa kabla binadamu yeyote hajajua kwamba ana mguu wa kushoto. Cheti cha namna hiyo kimekunjwa mara nne, kina alama ya chai, kinanukia sanduku la bibi. Kipende. Kile kinachong'aa, kilichotolewa wiki mbili kabla ya mashindano, kirudishe kwa mikono miwili na ushukuru.

Kama karatasi hakuna kabisa, uliza alimaliza darasa la saba na nani. Kaa hapo kijiweni, agiza soda, subiri. Watatajwa. Mmoja yuko kidato cha pili, vizuri. Ukisikia mwenzake wa dawati moja ana watoto wawili na mdogo wake anayemfuata anaendesha lori la Zambia, lipa soda uondoke. Mtu anaweza kujipunguzia umri. Darasa zima haliwezi.

Na niseme wazi, kijeba simchukii. Mara nyingi ni kijana wa miaka 20 aliyeambiwa na wakubwa zake kwamba ana 16, kwa kuwa shule ilitaka kikombe na wilaya ilitaka sifa. Ninayemwonea huruma ni yule wa miaka 14 aliyekaa benchi nyuma yake, mfupi, mwembamba, mwenye pasi za akili. Amekaa benchi miaka miwili, akaona heri ajifunze kuchomelea mageti. Huyo hutamwona hata ukija na mashine zote za Wamarekani, kwa sababu siku unayofika hayupo uwanjani.

Wajomba, mama, na wale wengine

Dakika chache baada ya kuuliza jina la mchezaji, atatokea mjomba. Baadaye atatokea mjomba wa pili asiyemjua wa kwanza. Mjomba wa kweli anajua jina la mwalimu wa darasa wa kijana na anajua mwaka gani aliumwa. Mjomba wa wiki hii anajua jina la katibu wa klabu yako na anataka asilimia kumi. Wape wote mkono, usiwape namba yako ya simu.

Kuna pia kamati ya ufundi. Ukiona goli limechimbwa usiku au timu imeingia uwanjani kwa kuruka ukuta huku geti liko wazi, usiandike chochote. Wenyeji wanajua zaidi yako, na hakuna kijana aliyewahi kusajiliwa kwa sifa ya kamati.

Mtu wa kumwogopa ni mama. Nenda kwake nyumbani, Kihesa au Ipogolo au kijijini kabisa, na usiende na mjomba. Utamkuta anapukuchua mahindi. Vua kofia.

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Karibu, keti hapo kwenye kigoda."

Utaeleza klabu, ligi, uwanja, jezi, televisheni. Atakusikiliza mpaka mwisho, punje zikianguka kwenye ungo. Kisha:

"Sasa baba, huko Dar es Salaam mwanangu atalala wapi?"

"Kambini, mama. Wanalala wote pamoja."

"Kambi hiyo ni nyumba yenu, au mmepanga?"

Hapo utakohoa.

"Mkishindwa kulipa kodi, vitu vyake vitatolewa nje na nani? Na shule je? Mguu ukivunjika, atanirudishia nani, wewe au huyo mwenyekiti wenu?"

Hakuna ukurasa wa fomu zako unaojibu maswali haya, ilhali ndiyo maswali pekee ya maana uliyoulizwa tangu uupande mlima Kitonga. Jifunze majibu yake, ya kweli, kabla hujatoka Dar. Mwambie pia kwamba kwa kanuni za FIFA mchezaji wa chini ya miaka 18 hafungwi mkataba unaozidi miaka mitatu, maana mjomba wa wiki hii amekwisha kumwambia ni mitano. Na akisema mtoto amalize kidato cha nne kwanza, kubali. Mguu wa kushoto hauozi kwa mwaka mmoja.

Kuhusu video za WhatsApp, tutapita haraka. Kila kijana ana mechi moja nzuri, na simu ya rafiki yake ilikuwapo. Sekunde 40 za chenga, kanzu na tobo, muziki juu yake. Huoni mpira ulitoka wapi wala ulikwenda wapi baada ya tobo. Mara nyingi ulikwenda kwa adui. Ukitumiwa video, jibu kwa ustaarabu: "Nitumie mechi nzima mliyofungwa." Simu nyingi zitanyamaza hapo.

Danadana nazo vivyo hivyo. Anayezipiga mia tatu bila kudondosha apewe makofi na soda. Hakuna beki wa Ligi Kuu atakayesimama pembeni kusubiri zifike mia tatu.

Wanaojua

Ungekuwa na saa moja tu mjini, ningekushauri usiitumie kutazama mpira. Itumie kumtafuta refa. Refa wa mchangani amewachezesha vijana hawa kwenye mechi zisizo na mbuzi wala diwani, anajua nani hulala akiguswa, nani hutukana akifungwa, nani huinua aliyeanguka halafu anampiga kiwiko. Hana hisa kwa mtu. Isipokuwa, bila shaka, kama naye ni mjomba.

Baada ya refa, mtafute beki wa timu pinzani. Mngoje avue viatu, mkaribishe maji, muulize, "Leo nani kakusumbua, mdogo wangu?" Mara nyingi hatamtaja yule uliyekuja kumwona, yule wa kanzu na tobo. Atamtaja mwingine, namba nane, ambaye hukumwandika kabisa. "Yule. Kila nikitaka kupanda, namkuta." Muulize namba nane ana umbo gani, utaambiwa ni wa kawaida. Mechi inayofuata mtazame huyo peke yake, hasa asipokuwa na mpira. Mtazame timu yake ikifungwa bao. Angalia anatembea kwenda katikati au anaufuata mpira wavuni mwenyewe. Angalia anachofanya mwenzake akikosea pasi. Haya video haiyanasi, na hakuna mwinuko, mteremko wala kisiki kinachoyageuza.

Kisha mtazame tena siku nyingine, siku ya Jumanne mazoezini, wakati hajui kwamba uko pale. Kama kila mtu mtaani tayari anajua uko pale, muulize mwalimu ni siku gani mtoto huyo hakuja mazoezini na kwa nini. Akikujibu "Hakuna siku hiyo, labda msiba wa babu yake," funga daftari.

Kabla hujapanda basi

Utakapokuwa unaandaa fomu, uliza timu yake ya mtaani imesajiliwa chama cha mpira cha wilaya au la, na kama kuna rekodi kwamba aliichezea tangu lini. Ni jambo dogo lenye fedha ndani yake. Kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23: robo ya asilimia kwa kila mwaka kuanzia 12 hadi 15, nusu asilimia kwa kila mwaka baada ya hapo. Mtoto huyu akifuata njia ya Mbwana Samatta, kutoka Mbagala hadi Simba, TP Mazembe, Genk na Aston Villa, na siku moja akauzwa nje kwa dola milioni moja, mwaka mmoja tu aliolelewa akiwa na miaka 14 una thamani ya dola 2,500. Kwa timu ya kijiji cha Mufindi hiyo ni kusawazisha kiwanja na kununua magoli ya chuma. Lakini klabu isiyo kwenye vitabu hailipwi hata shilingi, na daftari la mwalimu lenye mahudhurio ya mazoezi, lililoandikwa kwa kalamu ya bluu miaka sita mfululizo, halikubaliki huko FIFA. Msaidie aandikishe. Klabu yako haitakushukuru, kwa sababu siku moja italazimika kugawana.

Mwalimu mwenyewe hatakuuliza habari za asilimia. Atakusindikiza mpaka stendi, atakubebea begi, atakuambia kijana huyo hapendi kupigiwa kelele, akikosea mwache dakika mbili atajirekebisha. Basi likianza kuunguruma ndipo atasema shida yake: mipira miwili, namba tano, na pampu. Usimjibu "nitatuma". Barabara hii inapita Makambako, Mafinga na Iringa, na kila kituo kina mwalimu aliyekwisha kuambiwa "nitatuma" na skauti fulani. Teremka, vuka barabara, nunua hapohapo na umkabidhi mkononi, upande basi la mchana. Omba risiti. Mweka hazina akihoji, mwambie hiyo ni nauli ya namba nane.